Nyumba ya watalaka: shauri la amana linapohamia Mahakama ya Familia

Katika sheria ya England na Wales, nyumba yenye majina ya watu wawili kwenye hati ni mali ya amana. Wenye majina hayo ni wadhamini wa nyumba, na aghalabu ndio hao hao wanaostahili kunufaika nayo. Wanandoa wengi kutoka Afrika Mashariki walionunua nyumba Leicester, Reading au London walitia saini hati hiyo bila kutambua kwamba wameunda amana. Hulijua jambo hilo siku barua ya wakili inapofika mlangoni, pengine miaka mingi baada ya talaka.

Barua ya namna hiyo kwa kawaida hutaja Sheria ya Amana za Ardhi na Uteuzi wa Wadhamini ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1997. Kifungu chake cha 14 kinampa mdhamini, au mtu yeyote mwenye maslahi katika nyumba, haki ya kuiomba mahakama iamuru nyumba iuzwe au itamke kila mmoja ana fungu gani. Kesi hufunguliwa katika mahakama za madai, yaani Mahakama ya Kaunti au Mahakama Kuu. Je, aliyeshitakiwa na mtalaka wake analazimika kujibu huko huko, au anaweza kuomba mgogoro uamuliwe na Mahakama ya Familia? Jibu la swali hilo linaweza kuamua nani atabaki na paa juu ya kichwa chake.

Maswali mawili tofauti

Hakimu wa madai huuliza: mali hii ni ya nani? Hati ikitamka nusu kwa nusu, mjadala wa mafungu umekwisha, isipokuwa pawe na udanganyifu au kosa katika kuiandika. Mahakama ya Rufani ililithibitisha hilo mwaka 1985 katika shauri la Goodman dhidi ya Gallant. Hati ikiwa kimya, hakimu hutafuta nia ya wahusika. Ndivyo ilivyokuwa katika shauri la Jones dhidi ya Kernott la mwaka 2011, la watu wawili ambao hawakuoana, ambapo mwanamke alipata asilimia 90 ya nyumba. Ni kweli kwamba kifungu cha 15 kinamtaka hakimu aangalie ustawi wa watoto wanaoishi humo, lakini huo humsaidia kuamua kama nyumba iuzwe, na lini. Hana uwezo wa kuchukua fungu la mmoja na kumpa mwingine kwa sababu tu ya mahitaji.

Hakimu wa familia ana uwezo huo. Sheria ya Mashauri ya Ndoa ya mwaka 1973, kifungu cha 24, inamruhusu kuhamisha mali ya mmoja kwenda kwa mwenzake, na kifungu cha 25 kinamwagiza atangulize ustawi wa watoto walio chini ya umri wa miaka 18.

Tuchukue mfano wa mama anayeishi na watoto wawili katika nyumba yenye majina ya wote wawili. Talaka imeshatoka, lakini suala la fedha halikuwahi kufikishwa mahakamani. Baba anafungua dai chini ya sheria ya 1996 akitaka nyumba iuzwe na apewe nusu yake. Kwa hesabu ya amana, nusu hiyo ni yake bila ubishi. Kwa hesabu ya sheria ya ndoa, mahakama inaweza kumpa mama fungu kubwa zaidi, au kuahirisha uuzaji mpaka watoto wakue.

Namna ya kuhama

Mahakama ya Rufani ilieleza mwaka 2009, katika shauri la Miller Smith, kwamba inapowezekana hatima ya nyumba ya wanandoa iamuliwe chini ya sheria ya ndoa na si ya amana. Hata hivyo, katika shauri hilo hilo nyumba iliruhusiwa kuuzwa, kwa kuwa shauri la fedha lisingefikia mwisho katika muda wa kuridhisha. Kwa hiyo anayechelewa asitegemee huruma.

Hatua ya kwanza ni kuikiri hati ya madai ndani ya muda uliowekwa, ambao kwa kesi nyingi za aina hii ni siku 14 tangu ilipofikishwa. Hatua ya pili ni kufungua ombi la fedha katika Mahakama ya Familia kwa kutumia Fomu A. Baadaye huombwa katika kesi ya madai kwamba isimamishwe, au ihamishwe ili yote mawili yasikilizwe na hakimu mmoja. Mahakimu wengi wa wilaya wana mamlaka ya kukaa katika mahakama zote mbili, hivyo mara nyingi mtu yule yule husikiliza mashauri hayo kwa pamoja. Gharama nazo hubadilika. Kwenye madai, anayeshindwa kwa kawaida hulipa gharama za mshindi, ilhali katika mashauri ya fedha za familia kila upande hubeba zake, isipokuwa pawe na utovu wa mwenendo.

Kupita kwa miaka si kizuizi. Katika shauri la Wyatt dhidi ya Vince la mwaka 2015, Mahakama ya Juu ilikataa kulifuta ombi lililofunguliwa karibu miaka 20 baada ya talaka. Kinachofunga mlango ni amri ya mwisho ya fedha iliyokwisha kutolewa, au ndoa mpya. Kifungu cha 28 kinasema kwamba aliyeolewa au kuoa tena hawezi kufungua ombi jipya dhidi ya mwenzake wa zamani. Aliyewasilisha ombi lake kabla ya harusi mpya husalimika. Aliyesahau hubaki na sheria ya amana peke yake. Mtego huu umewanasa wengi, na ni ajabu jinsi usivyozungumzwa misikitini na makanisani tunakofungishia ndoa.

Ndugu, nikaha na talaka ya nyumbani

Kwetu nyumba haijengwi na watu wawili tu. Kaka alitoa malipo ya awali, shangazi alituma fedha za upatu, na siku ya talaka kila mmoja anakumbuka mchango wake. Mahakama ya Familia inaweza kugawa mali ya wanandoa, lakini haina ruhusa ya kugawa fungu la mtu wa tatu. Tangu uamuzi wa mwaka 2005 katika shauri la TL dhidi ya ML, mtu huyo hutakiwa kuunganishwa mapema, dai lake liandikwe kikamilifu, na swali la umiliki liamuliwe kwanza kwa kanuni zile zile za amana.

Waliofunga nikaha nchini England bila kuisajili wana taabu zaidi. Mwaka 2020, katika shauri la Akhter, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba sherehe ya aina hiyo si ndoa wala ndoa batili mbele ya sheria. Kwa hiyo hakuna Mahakama ya Familia ya kuhamia kwa ajili ya mgawo wa mali ya ndoa. Nikaha iliyofungwa kihalali Zanzibar au Mombasa ni jambo jingine, kwani kwa kawaida hutambuliwa.

Na aliyetalikiwa Dar es Salaam au Nairobi huku nyumba ikiwa London? Sehemu ya tatu ya sheria ya mwaka 1984 inampa nafasi ya kuomba kibali cha mahakama ili adai fedha England, mradi ana uhusiano wa kutosha na nchi hiyo na hajafunga ndoa nyingine. Katika shauri la Agbaje la mwaka 2010, la wanandoa waliotalikiana Nigeria, Mahakama ya Juu ilimrudishia mke asilimia 65 ya thamani ya nyumba ya London.

Wakati mashauri yakiendelea, ombi lililofunguliwa juu ya nyumba laweza kuandikishwa katika daftari la Msajili wa Ardhi, ili mnunuzi au benki ilione kabla ya kutoa fedha. Ile haki ya mwanandoa ya kukaa nyumbani, ambayo nayo huandikishwa humo, kwa kawaida hukoma talaka inapokamilika.