BIMA ZA WAZEE WETU: ZILIKOTOKA NA TUNAVYOZIFUATILIA

Katika miaka kumi ya kikundi chetu, mfuko wa jamii umetusindikiza kwenye misiba mingi ya wazazi wetu hapa Mwananyamala. Mara kadhaa, matanga yakishaisha, pametokea bahasha ya zamani sandukuni: hati ya bima ya maisha. Ndipo ndugu huanza kutazamana. Kwa hiyo tumeona heri tueleze hati hizi zilitoka wapi.

Kabla ya bima, wazee wa Dar es Salaam walitegemea vyama vya kufa na kuzikana. Mwaka 1963 likaundwa Shirika la Bima la Taifa, yaani NIC. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara yote ya bima ikawekwa chini ya shirika hilo, mpaka Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilipofungulia milango kampuni binafsi. Basi mfanyakazi aliyekata bima miaka ya 1970 alikuwa na mlango mmoja tu wa kugonga.

Hapana budi kusema pia habari ya thamani ya hela. Mwaka 1975 dola moja ilikuwa kama shilingi 7; mwaka 1995 ilizidi shilingi 500. Bima ya shilingi 20,000 iliyokuwa zaidi ya dola 2,500 ikawa haifiki hata dola 40. Ndiyo maana mzee anaweza kuwa na hati kubwa na fedha kiduchu.

Mwenzetu mmoja wa Komakoma alikuwa na baba mwenye hati mbili. Kaka zake walikwisha kuanza kugombania fedha hizo, na mzee yu hai. Binti alipomwuliza, mzee alikuja juu: "Mnanihesabia siku?" Mama zetu wawili wa kikundi wakaenda naye, wakampa shikamoo, wakakaa mkekani na kuongea taratibu. Mzee akafungua sanduku mwenyewe. Bima ya kwanza ilikuwa ya muda maalum, nayo ilikwisha kulipwa alipofikisha muda. Ya pili aliivunja mwaka 1992 alipopunguzwa kazini, na fedha zile ndizo zilizolipa ada ya shule ya huyo huyo binti. Kaka zake walipoambiwa walinyamaza kimya. Fedha haikuwepo, ila ugomvi nao uliishia hapo.

Tangu hapo tunahimizana kumwuliza mzazi angali na nguvu, kwa adabu, mambo manne: namba ya hati, aina ya bima, kama malipo yaliendelea, na jina la aliyeandikwa kupokea. Huyo aliyeandikwa huenda naye alishafariki, na mzazi akiwa hai ndiye mwenye haki ya kubadilisha. Tusichanganye bima na mafao ya NSSF, kila moja ina ofisi yake. Na kampuni ikikuzungusha, iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, inayosimamia kampuni zote.

Ndugu wanachama, kuuliza mapema si kumtakia mzazi kifo. Ni kumwacha aseme mwenyewe alichotufanyia, tukamshukuru akiwa anasikia.