Mr. Bad Guy: Albamu ya Freddie Mercury Bila Queen, na Vile Ile Muvi Ilitubeba Ufala

Kama ulicheki Bohemian Rhapsody ya 2018, unakumbuka ile sehemu Freddie Mercury anawacha mbogi yake mataani juu ya albamu yake mwenyewe. Bendi inavunjika, then wanarudiana mbio mbio kabla ya Live Aid. Utamu wa muvi, lakini hakuna vile. Haikuenda hivyo.

Albamu yenyewe ni Mr. Bad Guy, iliyotoka Aprili 29, 1985. Freddie, mtoi wa Zanzibar aliyezaliwa 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, aliirekodi Munich, Ujerumani, kwa studio za Musicland. Prodyuza alikuwa yeye mwenyewe na Reinhold Mack, msee ambaye Queen walikuwa washafanya naye kazi. Ngoma ni 11 na zote aliziandika yeye. Gitaa nzito za Queen zilipunguzwa, disko, kinanda na balladi zikachukua nafasi. Wimbo uliobeba jina la albamu uliwekewa okestra mzima. Na albamu akamtunukia nani? Paka wake, Jerry.

Sasa, kuhusu usaliti: Freddie hata hakuwa wa kwanza. Roger Taylor, mpiga dramu, alikuwa ashaachilia Fun in Space 1981 na Strange Frontier 1984. Brian May naye alitoa Star Fleet Project 1983. Kwa mbogi hiyo, kutoka kando kidogo ilikuwa kawaida.

Na Queen hawakuwa wamelala. Walitoa The Works 1984, Januari 1985 wakapiga shoo Rock in Rio kule Brazil, na Mei, wiki chache tu baada ya Mr. Bad Guy kutoka, walikuwa stejini Japani. Walipopanda jukwaa la Live Aid, Wembley, Julai 13, walikuwa moto tayari.

Mauzo je? Uingereza ilifika namba 6. Marekani ilikwama 159, na kwa jina kubwa hivyo, hiyo ni aibu ndogo. "I Was Born to Love You" ilifika 11 Uingereza, lakini "Living on My Own" ikaishia 50.

Freddie alikufa Novemba 24, 1991. Mwaka wa 1993, rimiksi ya hiyo hiyo "Living on My Own" ikapanda hadi namba 1 Uingereza. Mwenyewe hakuiona.

Halafu 1995, wale majamaa watatu waliobaki walichukua "I Was Born to Love You" na "Made in Heaven" kutoka kwa albamu hiyo, wakaacha sauti ya Freddie, wakapiga vyombo upya wenyewe. Zikaingia kwa albamu ya Queen, Made in Heaven.

Kwa hivyo ile albamu tuliambiwa ilivunja bendi ndiyo iliwapa ngoma mbili za kumuaga beshte yao.