Moshi wa Los Angeles, 1943

Julai 1943, vita vimepamba moto, Los Angeles ilifunikwa na moshi mzito. Macho yanawasha, koo linakereketa. Wapo waliodhani Wajapani wamewarushia gesi ya sumu! Lawama zikahamia kwa kiwanda cha malighafi ya mpira. Kikafungwa kwa muda, moshi ukabaki palepale.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkemia Arie Haagen-Smit, aliyewahi kuchunguza harufu ya nanasi, akamtaja mkosaji: moshi wa magari na mvuke wa mafuta, ukipigwa na jua, huzaa ozoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndiyo maana hadi leo, hewa ikichafuka siku za joto, mazoezi ni asubuhi. Alasiri kaa ndani, funga madirisha. Barakoa ya kitambaa haizuii ozoni.