Hela za Tabora: Kosa la Muhuri na Kovu la Kisu

Wasikilizaji wetu, mzee mmoja jirani alitujia na sarafu ya hela 20, akauliza, "Mwalimu, hii yafaa kitu?" Tuliitazama upesi, tukaona mstari umepita juu ya taji, tukamwambia imekwaruzwa, haina thamani. Akaiuza kwa pesa ya chumvi tu.

Sarafu hiyo ilipigwa mwaka 1916, wakati wa vita. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani, na fedha kutoka Ujerumani ikawa haifiki. Ndipo Wadachi walipopiga sarafu zao katika karakana ya reli pale Tabora: hela 5, hela 20, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Hela 100 zilikuwa rupia moja. Na neno hilo hela, ambalo hata leo twaliita fedha yoyote, ni urithi wetu kutoka kwao. Shaba ilikuwa ya mabaki, nyekundu na ya manjano, na kazi ilikuwa ya haraka. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji waliingia Tabora.

Basi muhuri wa chuma ukipigishwa mno hupasuka. Shaba hujipenyeza ndani ya ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka kama mshipa wa mkono. Mkwaruzo wa kisu, kinyume chake, huchimba mfereji. Pitisha ukucha taratibu, utajua. Tena mstari wa ufa huonekana mahali pale pale katika sarafu nyingine za muhuri ule. Kovu la kisu ni la sarafu moja peke yake.

Ziko hela 20 zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Hilo si kosa, ni mihuri mbalimbali, nao wakusanyaji huzitenga. Picha iliyokwenda upande kidogo haiongezi bei sana, maana ndivyo ilivyokuwa kazi ya Tabora. Ikikosekana nusu ya maandishi, hapo mnunuzi husimama, ila kwanza hutazama ukingo asije akauziwa kazi ya tupa.

Wala msizisugue kwa majivu na ndimu, twawasihi! Mng'aro huo hushusha bei, na kusugua hulainisha ule mstari ambao ndio ushahidi.

Mstari wa hela ya yule mzee, tukikumbuka vema, ulikuwa umeinuka.