Gitaa la Kupakata: Chuma Kiko Mkononi

Ala ambayo Waingereza huiita lap steel guitar haijapata jina moja linalokubalika katika Kiswahili. Wapigaji wa kantri jijini Nairobi huridhika na neno stili, na jukwaani huelewana bila shida. Anayepata taabu ni mwanafunzi wa siku ya kwanza. Akisikia stili, hudhani linalotajwa ni nyuzi, au ni gitaa lililoundwa kwa chuma kitupu. Kumbe nyuzi za chuma ziko hata kwenye gitaa la kanisani kwao, na stili nyingi mwili wake ni ubao. Chuma kinachotajwa katika jina ni kipande ambacho mpigaji hukishika kwa mkono wa kushoto na kukitelezesha juu ya nyuzi. Jina zuri la Kiswahili lingemwondolea mwanafunzi mashaka hayo kabla hajatoa pesa mfukoni.

Tuanze na hicho chuma. Kiswahili hakina uhaba wa maneno hapa. Tuna feleji, neno la zamani la chuma bora kilichofuliwa panga, na tuna pua, linaloishi hadi leo katika chuma cha pua. Lakini ukitangaza kwamba unafundisha gitaa la pua, utachekwa kabla hujalifungua begi. Feleji nalo linahitaji kamusi pembeni. Gitaa la chuma linaeleweka haraka, ila linaeleweka vibaya: mpelekee jina hilo fundi wa jua kali pale Kawangware, naye atakuuliza bati la geji gani.

Jina la pili ni gitaa la Hawaii. Hili lina historia ya kweli. Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kisiwa cha Oahu, ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wa upigaji huu. Alikuwa bado mwanafunzi alipogundua kwamba kipande cha chuma kikipitishwa juu ya nyuzi, sauti hupanda na kushuka bila kukatika. Mwaka 1904 alihamia Marekani, na maonyesho ya San Francisco ya mwaka 1915 yakaueneza muziki wa Hawaii nchini humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Rickenbacker ilitoa gitaa la umeme la alumini lililobandikwa jina la Kikaango. Hilo, ambalo huhesabiwa kuwa gitaa la kwanza la umeme kufanikiwa sokoni, lilikuwa la kulazwa mapajani. Jina la Hawaii lilifika hata Léopoldville, Kinshasa ya leo: mwanzoni mwa miaka ya 1950 Zacharie Elenga, maarufu kama Jhimmy, aliitwa Mhawaii kwa sababu ya mtindo wa gitaa lake. Hata hivyo, gitaa la Hawaii linatuambia ala ilikotoka tu. Halimwambii anayeanza aishike vipi.

Dawa iko katika neno la kwanza la Kiingereza, lile la mapaja. Kiswahili kina kitenzi kamili cha jambo hilo: kupakata. Panda matatu ya Kawangware 46 saa za jioni, umsikie makanga akimwambia mama ampakate mtoto ili kiti kipate abiria mwingine. Hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Isitoshe, njia ilishafyekwa. Serikali ilipoahidi kompyuta kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2013, magazeti na redio zilizungumzia vipakatalishi, na leo neno hilo halimshtui mtu. Kilichofaa kwa kompyuta kitafaa kwa ala: gitaa la kupakata.

Pingamizi lipo. Gitaa la kawaida nalo si hukaa juu ya paja? Hukaa, lakini husimama wima, mgongo ukiegemea kifua cha mpigaji, na shingo yake hukamatwa kwa kiganja. Hili hulazwa chali, nyuzi zikitazama dari, na hakuna anayelikamata shingo. Jina hilo lina faida nyingine pia: linalitenga na ndugu yake mkubwa, stili ya pedali, inayosimama kwa miguu yake na kubadilishwa sauti kwa nyayo na magoti. Hiyo haipakatwi na mtu.

Jina likishakaa sawa, somo la kwanza hujieleza. Nyuzi za gitaa la kupakata zimeinuliwa karibu sentimita moja juu ya shingo, kwa hiyo hakuna kubonyeza. Chuma huwekwa kwa uzito wake, nao unatosha: kipande cha milimita 19 kwa unene na sentimita 8 kwa urefu kina takriban gramu 180. Asiyetaka kuagiza ng'ambo anaweza kumwendea fundi mwenye mashine ya kukereza, mradi kingo zisuguliwe ziwe laini. Freti hapa ni alama tu za macho. Kwenye gitaa la kawaida kidole hukaa nyuma kidogo ya freti. Hapa chuma hukaa juu yake hasa, na jicho litazame kutoka juu moja kwa moja. Ukitazama kwa upande, utapiga nje ya sauti. Vidole vinavyobaki nyuma ya chuma viguse nyuzi kwa wepesi, la sivyo zitalia kelele ya kuchakarisha.

Mwenye gitaa la kawaida anaweza kuanza nalo hilo hilo. Atatafuta kipande cha kuinulia nyuzi mwishoni mwa shingo, kisha atalegeza nyuzi tatu kwa toni moja: ya sita ishuke hadi D, ya tano hadi G, ya kwanza hadi D. Zinazobaki asiziguse. Akipiga nyuzi zote bila chuma atapata kodi ya G. Chuma kikikaa kwenye freti ya 5 ni C, kwenye ya 7 ni D, na kwenye ya 12 ni G tena, ya juu. Kwa kodi hizo tatu anaweza kusindikiza sehemu kubwa ya nyimbo za kantri ambazo akina Elvis Otieno, yaani Sir Elvis, wamezizoesha masikio ya Nairobi. Ugumu utakaobaki ni wa sikio: kujua chuma kimefika, hakijapita.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Ala iitwe gitaa la kupakata; kipande cha mkononi kiitwe chuma, basi; na tendo lake liwe kutelezesha. Ukienda kununua Luthuli Avenue au kwingine jijini, taja stili ili muuzaji akuelewe. Ukifundisha, ukiandika au ukitangaza darasa, tumia jina la Kiswahili, kwa maana linamwonyesha mwanafunzi pa kuiweka ala kabla mwalimu hajafungua kinywa.