Tatyana Lysenko: Bingwa wa Kurusha Nyundo Aliyefutiwa Ushindi wa Olimpiki

Tarehe 11 Oktoba 2016, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza kumfutia matokeo Tatyana Lysenko wa Urusi, aliyekuwa bingwa wa kurusha nyundo kwa wanawake katika Michezo ya London ya mwaka 2012. Sampuli aliyoitoa wakati wa Michezo hiyo ilikuwa imehifadhiwa kwa miaka minne. Ilipopimwa upya ilibainika kuwa na mabaki ya dawa iliyopigwa marufuku iitwayo Turinabol, na mwanariadha huyo, aliyekuwa ametimiza umri wa miaka 33 siku mbili kabla ya tangazo hilo, akatakiwa kurejesha medali yake ya dhahabu.

Nyundo inayotumika katika mchezo huu haifanani na nyundo ya fundi seremala. Ni tufe la chuma lililofungwa kwenye waya wenye mshikio, na kwa upande wa wanawake chombo chote kina uzito wa kilo 4. Mrushaji husimama ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.135, huizungusha nyundo juu ya kichwa, kisha huzunguka nayo yeye mwenyewe mara tatu au nne kabla ya kuiachia. Mchezo huu hudai nguvu na wepesi kwa pamoja, na hapo ndipo penye kishawishi: dawa za kusisimua misuli humwezesha mwanariadha kufanya mazoezi mazito na kurejea uwanjani kabla mwili wa kawaida haujapumzika.

Kwa wanawake, kurusha nyundo ni mchezo mchanga. Uliingizwa katika mashindano ya dunia ya riadha mwaka 1999 na katika Olimpiki mwaka 2000, huko Sydney, ambako Kamila Skolimowska wa Poland alitwaa dhahabu akiwa na umri wa miaka 17. Kwa masikitiko, doa la dawa liliupata mchezo huu tangu utotoni mwake. Bingwa wa kwanza wa dunia, Mihaela Melinte wa Romania, aliondolewa uwanjani Sydney baada ya kubainika kutumia dawa. Hata hivyo, rekodi yake ya dunia ya mita 76.07, aliyoiweka mwaka 1999, ilibaki vitabuni kwa karibu miaka sita.

Aliyeivunja ni Lysenko. Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1983 katika mji wa Bataysk, kusini mwa Urusi, na alikuwa na umri wa miaka 21 alipofikisha mita 77.06 jijini Moscow mwezi Julai 2005. Mwezi uliofuata alitwaa shaba katika mashindano ya dunia ya Helsinki. Mwaka 2006 rekodi ilimtoka kwa muda mfupi, ikachukuliwa na Mrusi mwenzake Gulfiya Khanafeyeva, lakini akairejesha mwaka huohuo na kuifikisha mita 77.80. Mwaka huo pia alitwaa ubingwa wa Ulaya jijini Göteborg, Sweden.

Anguko la kwanza lilikuja mwaka 2007. Lysenko na mwenzake Yekaterina Khoroshikh walibainika kuwa na kemikali ya jamii ya homoni iliyopigwa marufuku, wakafungiwa miaka miwili kuanzia Julai mwaka huo. Mtupo wa mita 78.61 alioufanya Sochi mwezi Mei 2007 haukuhesabiwa kuwa rekodi. Alikosa mashindano ya dunia ya Osaka na Olimpiki ya Beijing. Adhabu ilipokwisha mwaka 2009, kanuni zilimruhusu kurudi, naye akarudi: fedha katika mashindano ya Ulaya ya Barcelona mwaka 2010, kisha ubingwa wa dunia huko Daegu, Korea Kusini, mwaka 2011 kwa mtupo wa mita 77.13.

Fainali ya London ilifanyika tarehe 10 Agosti 2012, na inastahili kuelezwa kwa urefu. Lysenko alishinda kwa mita 78.18, rekodi mpya ya Olimpiki. Anita Włodarczyk wa Poland alikuwa wa pili kwa mita 77.60. Nafasi ya tatu ndiyo iliyoleta mtafaruku. Betty Heidler wa Ujerumani, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia wakati huo, alirusha mtupo mrefu katika raundi ya tano lakini kipimo chake hakikuonekana kwenye ubao. Umbali wake ulilingana na kipimo kilichotangulia, na mfumo wa kompyuta ukauchukulia kuwa marudio. Zhang Wenxiu wa China, aliyekuwa amefikisha mita 76.34, alianza kushangilia akiamini shaba ni yake. Baada ya rufaa ya Wajerumani, mtupo wa Heidler ulithibitishwa na Zhang akashushwa hadi nafasi ya nne. Watazamaji waliondoka wakijadili hitilafu ya kompyuta. Hitilafu iliyokuwa kubwa zaidi ilikuwa ndani ya chupa ya maabara, na hakuna aliyeijua.

Mwaka uliofuata Lysenko alishinda tena ubingwa wa dunia, safari hii nyumbani Moscow, kwa mita 78.80. Włodarczyk alikuwa wa pili tena, kwa mita 78.46.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini sampuli hiyo haikutoa majibu hayo mwaka 2012. Turinabol si dawa mpya. Ndiyo iliyotumika kwa wingi katika mpango wa siri wa serikali ya iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Vipimo vya awali viliweza kuitambua kwa muda mfupi tu baada ya kutumiwa, hivyo mwanariadha aliyeiacha mapema kabla ya mashindano alionekana safi. Baadaye wanasayansi walitambua mabaki yake yanayodumu mwilini kwa muda mrefu zaidi, na maabara zikaweza kuyasaka hata yakiwa kidogo mno. Kila sampuli hugawanywa katika chupa mbili, A na B, na kuhifadhiwa ili ije kupimwa upya maarifa yanapoongezeka. Kikomo cha kufungua shauri kilikuwa miaka minane; tangu Januari 2015 ni miaka kumi.

Inafaa kukumbushwa kwamba utaratibu huohuo uliwahi kumnufaisha Lysenko. Mwaka 2013 sampuli za Helsinki za mwaka 2005 zilipopimwa upya, bingwa wa mashindano yale, Mrusi Olga Kuzenkova, alifutiwa matokeo. Yipsi Moreno wa Cuba akapewa dhahabu, na Lysenko akapanda kutoka shaba hadi fedha. Moreno huyo alikuja kupandishwa tena: katika Olimpiki ya Beijing alikuwa wa pili nyuma ya Aksana Miankova wa Belarusi, ambaye naye alifutiwa ushindi mwaka 2016.

Baada ya uamuzi kuhusu London, dhahabu ilikwenda kwa Włodarczyk, fedha kwa Heidler, na shaba ikamrudia Zhang. Ubingwa wa dunia wa mwaka 2013 nao ulihamia kwa Włodarczyk. Habari za Zhang zina upande mwingine unaostahili kutajwa kwa haki. Yeye mwenyewe alinyang'anywa dhahabu ya Michezo ya Asia ya mwaka 2014 kwa madai ya dawa, akarejeshewa mwaka 2015 baada ya kubainika kuwa chanzo kilikuwa chakula. Vipimo vya maabara vina nguvu kubwa, lakini haki ya kusikilizwa ni sehemu ya kanuni zilezile.

Medali iliyochelewa haiji na kila kitu. Wimbo wa taifa uliopigwa London ulikuwa wa Urusi, na hauwezi kufutwa masikioni mwa waliousikia. Wanariadha wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hili. Katika Michezo hiyohiyo ya London, Wakenya wawili walimaliza wa nne na kurudi nyumbani bila medali: Pamela Jelimo katika mita 800 na Milcah Chemos katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mbele yao walikuwa Warusi Mariya Savinova na Yuliya Zaripova, washindi wa dhahabu katika mbio hizo, ambao baadaye walifutiwa ushindi kwa sababu ya dawa. Jelimo na Chemos waliingizwa katika orodha ya washindi wa medali miaka kadhaa baada ya mbio kwisha.

Katika kumbukumbu rasmi, Lysenko amebaki na ubingwa wa Ulaya wa mwaka 2006 na ubingwa wa dunia wa mwaka 2011. Włodarczyk alishinda tena Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kwa mita 82.29 na ile ya Tokyo kwa mita 78.48. Sampuli za Tokyo, Michezo iliyofanyika mwaka 2021, zinaweza kupimwa upya hadi mwaka 2031.