Kutoka mkono hadi namba: kazi ya chuma kandokando ya ziwa letu

Ndugu na dada tuliorudi, wa Zambia na wa Tanzania,

Katika mkutano uliopita swali moja lilitukalisha mpaka giza. Mwanachama wetu, mwashi, baba wa watoto watano na miaka 41, aliomba mkopo kwenye sanduku letu ili aende Lubumbashi kujifunza mashine za CNC. Mchana atajenga nyumba za watu, mangaribi na siku ya posho atasoma. Muzee mmoja akauliza: “Na mvi zile, njo ataanza masomo leo?” Watu wakacheka, komite ikaahirisha. Mimi niliombwa niandike historia kidogo, ili tusiamue kwa kicheko.

Kwanza tuelewane. Mashine ya kukereza chuma wengi wanaijua: chuma kinazunguka, kisu kinakikaribia taratibu, fundi anazungusha gurudumu la mkono mpaka kipimo kinakubali. Katika CNC lile gurudumu la mkono si la lazima tena. Fundi anaandika maagizo mstari kwa mstari: M03, chuma kianze kuzunguka, G00, kisu kiende haraka bila kukata, G01, kiende kikikata kwa mwendo uliopangwa. Kompyuta inatii. Ukikosea nukta moja katika namba, inatii vilevile, na kisu kinagonga chuma. Wazo lilianzia Marekani, kwa John Parsons, aliyetafuta njia ya kutengeneza mabawa ya helikopta. Mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine iliyosoma maagizo kwenye ukanda wenye matundu.

Lakini kwetu chuma kilikuja na reli na meli. Kampuni ya CFL iliundwa 1902, na reli yake kutoka Kabalo ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka 1915. Fasi yenye gari-moshi na bandari haiwezi kukosa karakana, maana kipuri cha Ulaya kilikuwa safari ya miezi. Ng'ambo, Kigoma, kuna mfano ambao kila mmoja wetu anaujua kwa macho: Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaileta ndani ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Ilitembea kwa mvuke mpaka miaka ya 1970, ilipofungwa injini za dizeli. Meli ya namna hiyo haina duka la vipuri. Kinachovunjika, mtu anakaa mbele ya mashine anakikereza.

Mtu huyo hakuzaliwa fundi. Hata uashi, ambao leo tunauona kazi ya kawaida, ulikuwa kazi mpya hapa. Mapadri Weupe walichukua Mpala mwaka 1885, wakaanzisha Baudouinville, yaani Moba yetu, 1893. Wavuvi na walimaji, watu wazima wenye nyumba zao, walijifunza kuchoma matofali na kupasua mbao. Sijui kama nao walichekwa.

Njia ya kutoka reli hadi namba ilionekana wazi Nairobi. Mwaka 1986 Rais Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Yalitoka matano ya majaribio, Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa 1990. Gari halikufika sokoni. Ila kutokana na juhudi ile, mwaka 1994 Shirika la Reli la Kenya na Chuo Kikuu waliunda kampuni ya Numerical Machining Complex, kwenye karakana za reli. Mimi napenda hadithi hii kuliko zile za ushindi mtupu: gari lilikufa, lakini ujuzi ulipata nyumba.

Sasa niseme yangu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Vita vilinipeleka Zambia, kambi ya Mwange, na kule nilijifunza kulehemu mangaribi, baada ya kufundisha. Safari za kurudi kupitia Mpulungu zilianza Mei 2007. Mimi nilipanda meli mwaka uliofuata. Kalemie, mtu mmoja mwenye karakana alitazama cheti changu cha kambini, akauliza kama ni cha kutundika ukutani. Basi nikaanza upya, kila siku ya posho, bila mshahara, kwa fundi mwingine. (Vijana, jina hilo la siku linatokana na chakula ambacho kampuni ziliwagawia wafanyakazi. Mimi sikugawiwa kitu.) Baadaye nilisoma CNC miezi michache Lubumbashi. Kompyuta haikunisumbua. Nilisumbuliwa na usingizi, na kusoma mchoro, na kupima sehemu ya mia ya milimita. Mwashi anajua mchoro na pembe ya mraba tayari. Wakati nao mtu anaweza kuupanga: INPP ya serikali ipo tangu 1964, na kazi yake ni pamoja na kumfundisha mtu mzima aliye kazini ao anayebadili kazi.

Woga wa kweli ni mwingine, nao haukusemwa mkutanoni. Umeme wa Bendera unalisha Kalemie. Sisi Moba tuna jenereta na jua. Atakayejua CNC atapata kazi Lubumbashi ao Kolwezi, kwenye migodi. Je, tutakuwa tumetoa franga zetu mtu aondoke tena, sisi ambao tumechoka kuondoka? Nakubali, uwezekano ni mkubwa. Ila mtumbwi wa injini ukivunja mhimili hapa, abiria wanalala ufukoni wakingoja kipuri kitoke Kalemie, na hakuna mgeni atakayekuja kutukerezea. Mimi ningesema akopeshwe, kwa sharti aanze na mashine ya mkono mwaka mzima, arudishe deni kila mwezi, na kila likizo afundishe vijana wawili hapa.

Komite itakaa siku ya posho ya kwanza ya mwezi ujao. Mwashi alipita kwangu jana kuuliza kama nina kipimo cha kumwazima azoee kukisoma. Nimempa.